Maneno ya intaneti kwa anayeanza: safari ya ukurasa mmoja, kuanzia bando mpaka kutoka

Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, steshonari yangu hapa Morogoro hujaa mapema. Wazazi, mabibi, kaka na dada wa watahiniwa, kila mmoja ameshika karatasi yenye namba ya mtihani. Na kila mwaka maswali ni yale yale. "Bando lipo, mbona haifunguki?" "Google nimeshaingia, sasa intaneti iko wapi?" "Wananiambia nikubali vidakuzi, ndiyo nini hivyo?"

Wanaouliza ni watu wazima wanaoendesha biashara, wanaolea familia, wanaotuma na kupokea pesa kwa simu kila siku. Kinachowakwamisha ni maneno tu, maana hakuna aliyewahi kukaa nao akawaambia neno hili linafanya kazi gani na lile linafanya kazi gani.

Basi tukae. Tutafanya safari moja, ya kutafuta matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA kwa kifupi, na kila neno nitalieleza pale tutakapokutana nalo. Kama uko Nairobi unahangaika na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, au uko Muscat unatafuta tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani, njia ni ile ile. Ukiweza, soma huku simu iko mkononi, ufanye kila hatua.

Hatua ya kwanza: tenganisha intaneti na wavuti

Watu wengi huyatumia maneno haya kama ni kitu kimoja. Intaneti ni muunganiko wa kompyuta na simu za dunia nzima kwa nyaya, minara na mawimbi. Kitu chenyewe kinashikika. Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari: SEACOM iliyoanza kazi 2009 ikitua Dar es Salaam na Mombasa, na EASSy iliyofuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na aliyewahi kukaa kwenye intaneti kafe ya miaka ile anakumbuka ukurasa mmoja ulivyofunguka taratibu huku dakika ulizolipia zinakwenda. Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipokatika upande wa kusini, hapa mtaani watu walizima simu na kuziwasha, wakatoa laini na kuzirudisha. Simu zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa chini ya bahari.

Wavuti ni kurasa zinazosafiri juu ya intaneti hiyo. Aliyeibuni ni Mwingereza Tim Berners-Lee, mwaka 1989, akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva. Tovuti ya kwanza kabisa, info.cern.ch, inafunguka mpaka leo. Ijaribu uone ilivyo nyepesi, maandishi matupu. Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zinazomilikiwa na mtu au taasisi moja, na ukurasa ni ule mmoja ulio mbele ya macho yako.

WhatsApp inatumia intaneti, lakini siyo ukurasa wa wavuti. Barua pepe pia ilikuwepo kabla ya wavuti. Tofauti hii itakusaidia kujua tatizo liko wapi. Kama ujumbe wa WhatsApp unakwenda na ukurasa haufunguki, intaneti unayo. Kagua ukurasa au anwani. Isipokuwa kwa jambo moja linalowakuta wengi: yapo mabando ya mitandao ya kijamii peke yake. Ukinunua hilo, WhatsApp itafanya kazi vizuri na tovuti zote zitagoma. Soma ujumbe wa bando lako kabla ya kulaumu simu.

Hatua ya pili: jua unachonunua ukinunua bando

Bando hupimwa kwa MB na GB, yaani megabaiti na gigabaiti. Ni kipimo cha wingi, kama lita za maji kwenye ndoo. KB 1,000 ni sawa na MB 1, na MB 1,000 ni sawa na GB 1. (Wengine huhesabu 1,024, kwa mnunuzi wa bando tofauti hiyo ni ndogo.) Ukurasa wa maandishi, kama orodha ya matokeo ya shule moja, hula KB kadhaa tu. Picha moja ya kamera ya simu inaweza kufika MB 3 au 4. Video ya saa moja hula mamia ya MB, na ukiiweka kwenye ubora wa juu inavuka GB.

Kasi ni kitu kingine, na hapa watu huuziwa wasichokielewa. Kasi hupimwa kwa Mbps, na ile herufi b ndogo ni biti, siyo baiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo ukiona tangazo la intaneti ya nyumbani ya Mbps 20, gawanya kwa 8: utapata MB 2.5 kwa sekunde. Faili la MB 50 litachukua sekunde 20 likienda vizuri. Ukijua kugawanya kwa 8 hutashangaa kwa nini "ishirini" uliyolipia haionekani.

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu bando: "Sijafanya kitu, limeishaje?" Mara nyingi programu zilizomo kwenye simu zinajisasisha zenyewe, na video kwenye mitandao ya kijamii zinaanza kucheza kabla hujazigusa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data, uone programu ipi imekula kiasi gani. Kisha washa Kiokoa Data. Na kwenye duka la programu, chagua masasisho yafanyike kwa Wi-Fi pekee.

Wi-Fi nayo isikuchanganye. Wi-Fi ni mawimbi ya kutoka kwenye simu yako mpaka kwenye kile kidude chenye taa, ruta, kilichopo ukutani au juu ya kabati. Intaneti inaanzia ng'ambo ya ruta. Ndiyo maana unaweza kuona alama ya Wi-Fi imejaa kabisa na hakuna kinachofunguka: wewe na ruta mnaelewana, ila ruta yenyewe haina intaneti, labda malipo ya mwezi yameisha. Hotspoti ni simu moja kufanya kazi ya ruta na kuzigawia nyingine bando lake. Ukimwashia rafiki mwenye kompyuta, angalia sana, kompyuta inaweza kuanza kupakua masasisho makubwa na kumaliza bando la wiki kwa nusu saa.

Hatua ya tatu: fungua kivinjari

Kivinjari ni programu inayoleta kurasa na kukuonyesha. Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini, vyote ni vivinjari. Google siyo kivinjari, ni injini ya utafutaji: tovuti inayokusaidia kutafuta tovuti nyingine. Kivinjari ni gari, Google ni mtu unayemuuliza njia. Unaweza kuendesha bila kumuuliza mtu yeyote kama anwani unaijua.

Juu kabisa ya kivinjari kuna kisanduku kirefu, upau wa anwani. Ukiandika humo maneno "matokeo kidato cha nne", utapelekwa kwenye injini ya utafutaji, nayo itakupa orodha ndefu yenye tovuti halisi, magazeti, watu binafsi na matangazo yaliyolipiwa. Ukiandika necta.go.tz, utakwenda moja kwa moja. Mimi huwashauri wote wazoee njia ya pili kwa tovuti muhimu, za serikali na za benki hasa.

Na kama Kiingereza cha simu kinakuchosha, simu za Android zina Kiswahili ndani yake. Nenda kwenye mipangilio, mfumo, lugha, uongeze Kiswahili. Baada ya hapo maneno kama kivinjari, alamisho, vipakuliwa na hali fiche utayaona kwenye simu yenyewe. Nimewawekea wateja kadhaa, na maswali yao yamepungua.

Hatua ya nne: soma anwani kutokea mwisho

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii.

Mwaka mmoja alikuja mzee akiwa na ujumbe kwenye simu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa simu. "Mwanangu, nifungulie hapa, wamesema matokeo ya mjukuu wangu yamo humu." Ujumbe ulikuwa na kiungo, yale maandishi ya bluu ambayo ukiyagusa yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Nitakuandikia mfano wake kwa jina nililolibuni:

https://necta.go.tz.matokeo-haraka.xyz/ingia

Mzee aliona neno necta, akaona go.tz, akaridhika. Ukurasa wenyewe ulikuwa na nembo na rangi zote, na chini yake ukaomba namba ya simu na namba ya siri ya kutumia pesa, eti "kulipia huduma".

Nikachukua bahasha iliyokuwa mezani. Nikamuuliza, "Mzee, ukituma barua kwa mtu, unaandikaje?" Akasema jina, Sanduku la Posta, Morogoro, Tanzania. Kinaanza kidogo, kinafuata kikubwa, nchi inakuja mwisho. Na mtu wa posta aliye mbali, anayepanga barua, anaanza kusoma wapi? Chini. Anatazama nchi, kisha mji, kisha sanduku. Anwani ya tovuti inasomwa hivyo hivyo.

Fanya hivi. Ruka ile https na mikwaju yake miwili. Kisha tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani alama hii: /. Weka kidole hapo. Sasa soma ukirudi nyuma kuelekea kushoto, nukta kwa nukta. Chukua anwani ya kweli kwanza:

https://matokeo.necta.go.tz/

Kutoka kwenye kidole kurudi nyuma: tz, Tanzania. go, serikali. necta, mwenye nyumba. matokeo, chumba kimojawapo ndani ya nyumba yake. Sehemu ya necta.go.tz ndiyo inayoitwa jina la kikoa, na husajiliwa mara moja tu duniani. Kinachokuja baada ya mkwaju ni njia ya kwenda kwenye ukurasa fulani ndani ya tovuti hiyo.

Sasa ile ya mzee. Kidole kwenye mkwaju ulio kabla ya neno ingia. Rudi nyuma: xyz, kikoa kinachouzwa kwa mtu yeyote. matokeo-haraka, huyu ndiye mwenye nyumba. Yaliyobaki kushoto, necta.go.tz, ni majina ya vyumba tu aliyojichagulia. Mwenye nyumba anaweza kukiita chumba chake Ikulu akitaka.

Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie ile anwani ya kweli nyuma ya bahasha.

Miisho michache ya kushika kichwani: .go.tz ni ya taasisi za serikali ya Tanzania, .ac.tz vyuo, .co.tz biashara, .or.tz mashirika. Kenya ni .go.ke, Uganda .go.ug, Rwanda .gov.rw, Oman .gov.om. Bodi ya Mikopo inapokea maombi kwenye olas.heslb.go.tz, ukisoma kutokea mwisho utaona inakaa sawa. Mwisho wa .com hausemi lolote kuhusu mwenyewe, kwa hiyo hapo jina lililo kabla yake lazima ulijue vizuri.

Kuna hila nyingine mbili. Kistari kuwekwa mahali pa nukta: necta-go-tz.com haina uhusiano wowote na serikali, lote hilo ni jina moja lililonunuliwa. Na herufi zinazofanana: r na n zikikaribiana huonekana kama m, na namba 1 hufanana na herufi l. Kuza maandishi kwa vidole viwili kabla ya kuingiza siri yoyote.

Kiungo pia kinaweza kuonyesha maneno haya na kukupeleka kule. Usikiguse haraka. Kibonyeze na ukishikilie kwa kidole sekunde mbili, kivinjari kitakuonyesha anwani halisi. Viungo vilivyofupishwa na ile miraba ya nukta nyeusi za kupiga picha kwa kamera huficha anwani kabisa, kwa hiyo soma upau wa anwani baada ya ukurasa kufunguka na kabla ya kuandika chochote.

Barua pepe inasomwa kwa kanuni ile ile. Alama ya @ iliwekwa humo na Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971 kutenganisha jina la mtu na kompyuta aliyopo. Kilicho kushoto mtu anajichagulia. Kilicho kulia ndicho cha kukagua, nacho unakisoma kutokea mwisho. Barua ikidai inatoka benki na kulia kwa @ kuna gmail.com, siyo ya benki.

Ukishaelewa haya, ile s ya mwisho kwenye https utaipa uzito wake halisi. Inamaanisha kuwa mawasiliano kati yako na tovuti yamefungwa, aliye katikati hawezi kuyasoma. Ni bahasha iliyogundishwa vizuri. Haikwambii kama aliyeandika barua ni mwaminifu. Tovuti ya yule tapeli ilikuwa na https, na kwa miaka mingi ingekuwa pia na picha ya kufuli pembeni. Chrome iliibadilisha picha hiyo mwaka 2023, kwa sababu watu waliamini kufuli maana yake ni tovuti ya kuaminika.

Hatua ya tano: ukurasa ukigoma, soma namba

Ukishaandika anwani, kuna kazi inafanyika usiyoiona. Kompyuta hazitambuani kwa majina, zinatambuana kwa namba zinazoitwa anwani za IP, kwa mfano 192.0.2.14. Mfumo unaobadilisha jina kuwa namba unaitwa DNS, nao ulibuniwa 1983. Ni kama orodha ya majina kwenye simu yako: unagusa "Mama", simu inapiga namba. Kivinjari kikikuambia anwani au DNS haikupatikana, jambo la kwanza ni kukagua kama umekosea herufi. Nukta iliyosahaulika ndiyo kosa ninaloliona zaidi.

Namba ikipatikana, ombi lako linakwenda kwenye seva. Seva ni kompyuta iliyowashwa usiku na mchana kwa ajili ya kupokea maombi na kujibu. Nayo hujibu kwa namba, na namba hizi zitakuokolea muda. Zinazoanza na 4 kwa kawaida zinahusu ombi lako: 404 maana yake umefika kwenye tovuti lakini ukurasa huo haupo, labda umeondolewa au anwani ina kosa baada ya mkwaju, 403 maana yake upo lakini huruhusiwi kuuona. Zinazoanza na 5 ni za upande wao: 500 kuna hitilafu kwenye seva, 503 imezidiwa au iko kwenye matengenezo. Ukiona 503, usinunue bando jingine. Bando lako ni zima, subiri robo saa ujaribu tena. Tovuti yoyote ikiombwa ukurasa na watu laki kadhaa kwa wakati mmoja inaweza kuzidiwa.

Tahadhari moja ya pesa. Ukiwa kwenye ukurasa wa malipo na ukaganda, usiupakie upya, yaani usiufungue tena, wala usibonyeze "lipa" mara ya pili. Angalia kwanza ujumbe wa muamala kwenye simu na salio lako. Nimeona ada ya maombi ikilipwa mara mbili kwa haraka ya kidole, na kuirudisha ilichukua wiki.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hili: mwenzako anaona matokeo na wewe unaona ukurasa wa jana. Hiyo ni akiba. Kivinjari huhifadhi nakala za kurasa ulizokwisha kufungua ili kisizilete upya kila mara, na hivyo hukuokolea bando. Kwenye simu, vuta ukurasa chini uachie, ujipakie upya. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Ikishindikana, futa akiba kwenye mipangilio ya kivinjari. Hakuna kitu chako kitakachopotea.

Hatua ya sita: amua kuhusu vidakuzi

Wengine huviita kuki. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa sababu seva haina kumbukumbu: kila ukifungua ukurasa mpya, kwake wewe ni mgeni.

Umewahi kuingia duka kubwa ukaacha mkoba mlangoni, ukapewa kibati chenye namba? Kidakuzi ndicho kibati hicho. Tovuti inakiacha kwenye kivinjari chako, na kila ukirudi kivinjari kinakionyesha, inakutambua. Bila hicho usingeweza kubaki ndani ya akaunti yako ukitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine.

Shida ni vibati vya watu wengine. Kampuni ya matangazo inaweza kuwa na sehemu yake ndani ya tovuti nyingi, na inakusoma kwa kibati kimoja kote unakopita. Ndiyo maana ukitafuta viatu asubuhi, jioni viatu vinakufuata kwenye ukurasa wa habari. Kwa hiyo ukiulizwa, chagua vile vya lazima tu na ukatae vilivyobaki. Tovuti nyingi hufanya kazi vizuri hivyo. Kitufe cha kukubali vyote huwa kikubwa na chenye rangi, na cha kukataa hufichwa pembeni, kitafute.

Hali fiche ya kivinjari nayo imeeleweka vibaya. Ukiifunga, kivinjari kinasahau kurasa ulizopitia na vidakuzi vyake. Basi. Kampuni yako ya simu, mwajiri mwenye ile Wi-Fi, na tovuti yenyewe, wote bado wanaweza kujua umepita. Faida yake kubwa ni kwenye kompyuta ya watu wengi, kama hizi zangu.

Hatua ya saba: akaunti na zile tarakimu sita

Matokeo yameonekana, sasa kijana anaomba chuo au mkopo, na hapo anahitaji akaunti. Akaunti ni nafasi yako binafsi ndani ya tovuti, yenye jina la mtumiaji na nenosiri, ambalo wengine huliita nywila. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mtoto, namba ya simu: hivyo vyote jirani anavijua, visiwe nenosiri. Tumia maneno manne yasiyohusiana, mfano embe-treni-sabuni-jumatano, lakini siyo haya niliyoyaandika hapa, na siyo methali maarufu. Kila akaunti iwe na lake. Ukishindwa kuyakumbuka, yaandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Najua wengi hukataza kuandika, ila mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako, na mtu mwenye nenosiri moja kwa akaunti kumi akiibiwa moja ameibiwa zote.

Baada ya nenosiri, tovuti nyingi hukutumia SMS yenye tarakimu, mara nyingi sita. Ni namba ya kutumika mara moja na hufa baada ya dakika chache. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba simu hiyo iko mikononi mwako. Dada mmoja alikuwa hapa kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni, simu ikaita. Sauti ya upole kabisa: "Mpendwa, tumekutumia namba sita kwa bahati mbaya, tusomee tuzifute." Alishafungua mdomo. Nilimwekea mkono mbele ya simu na kumtikisia kichwa. Zilikuwa tarakimu za kufungulia WhatsApp yake kwenye simu nyingine, na kama angezisoma, ndugu zake wote wangeanza kuombwa pesa kwa jina lake. Hakuna ofisi ya kweli inayohitaji kusomewa namba hizo kwa simu, hata moja. Ukipokea ujumbe wa kitapeli ukiwa Tanzania, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, imeweka namba 15040 ya kupelekea taarifa.

Hatua ya nane: kupakua, kupakia, na kutoka

Maneno haya mawili tumeyachukua bandarini na kwenye malori, na maana haijabadilika. Kupakua ni kushusha mzigo: faili linatoka kwenye seva linakuja kwako. Kupakia ni kupandisha: picha au cheti chako kinatoka kwako kinakwenda kwenye seva. Fomu ikisema "pakia picha isiyozidi KB 500" na picha yako ni MB 4, itakataliwa. Njia rahisi ya kuipunguza ni kujitumia WhatsApp, maana huko picha hubanwa, kisha uihifadhi na kupakia hiyo. Kwa cheti chenye maandishi madogo usifanye hivyo, yatafifia. Kipige skani kiwe PDF.

Kabla ya kufungua ulichopakua, tazama herufi za mwisho za jina lake. .jpg ni picha, .pdf ni waraka. .apk ni programu ya Android inayotaka kujisakinisha kwenye simu yako. Matokeo ya mtihani, risiti au mwaliko wa harusi haviji kama .apk, ukiona hivyo, futa bila kufungua.

Neno wingu utalisikia pia. Ni kuhifadhi faili zako kwenye seva za kampuni fulani ili uzipate popote. Google hutoa GB 15 bure, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili yako mengine. Vyeti vyako vikiwa huko, simu ikiibiwa vyeti vinabaki.

Mwisho wa kazi kwenye kompyuta isiyo yako, kufunga dirisha hakutoshi, kwa sababu kibati kile bado kiko ndani ya kivinjari. Bonyeza "toka" ndani ya akaunti yenyewe. Fungua sehemu ya vipakuliwa ufute vyeti na fomu zako, kisha safisha na pipa la taka la kompyuta. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa. Chomoa flashi. Na kama uko kwenye basi na ndipo unakumbuka kwamba hukutoka, fungua akaunti yako ya Google kwa simu, ingia sehemu ya usalama, tafuta orodha ya vifaa vyako, gusa kompyuta ile ngeni na uitoe ukiwa huko huko njiani.